Pombe Iliyowafundisha Watu wa Beni Kiasi

Beni, tarehe 5 Februari 2023

Kwa mwanangu Kavuo, na kwa wote walioketi nawe sebuleni wakati barua hii inasomwa: amani iwe kwenu.

Sisi huku tu wazima. Goti la mama yako mdogo Tamar linatabiri mvua vizuri kuliko redio, ila linaitabiri kila siku. Kakao ya Mabalako imepanda bei, na vijana wenye viatu vipya siku hizi wanatusalimia huku wakitazama chini, ili nasi tutazame. Dada yako Jemima ameposwa rasmi. Harusi itakuwa Jumamosi tarehe 24 Juni. Mbuzi wa mahari wamefika wote. Mmoja anachechemea, nasi kwa umoja wa ukoo tumekubaliana kwamba hatukumwona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uliponiomba mwezi wa Desemba nisimamie robine yako, yale mabomba mawili ya kumiminia pombe ya pipa, hapa Beni, wengi walicheka. Walisema shemasi wa kanisa, ambaye hajaonja pombe tangu abatizwe mwaka 1991, atauzaje pombe? Ukawajibu mbele ya ukoo wote: "Natafuta mutu mwenye nitamuachia mapipa mia, na hataonja hata tone." Maneno hayo nimeyatunza. Tena ulikumbuka kwamba wakati wa Ebola, kuanzia mwaka 2018, niliongoza kikosi cha wapuliza dawa, kule Mabalako na hapa mjini, na kwamba usafi si jambo ninalofundishwa.

Basi pokea ripoti yangu. Wateja ni thelathini hivi, wanaanza kufika saa kumi za jioni. Kila mmoja anachukua glasi moja. Anainywa polepole, kwa uso wa mtu anayesikiliza mahubiri marefu. Akimaliza ananishika mkono, anasema asante, anakwenda nyumbani. Tangu tufungue, hakuna hata mmoja aliyeomba ya pili. Saa kumi na mbili nafunga mlango, na barabara yote imetulia.

Nimewaeleza wazee wa kanisa, nao wamestaajabu. Mwanangu, umetengeneza pombe inayofundisha kiasi. Ningekuwa wewe, ningeyaandika maneno hayo juu ya pipa.

Baba yako mdogo,
Ananie Lusenge

—

Butembo, tarehe 26 Februari 2023

Baba Mdogo mpendwa, pamoja na Mama Mdogo anayekusomea haya, na yeyote aliyealikwa chakula cha Jumapili,

Nawasalimu kwa heshima. Mama yangu Keren anawasalimu pia. Nilipomsomea habari ya glasi moja alinitazama kwa muda mrefu, akaniomba niisome tena. Ngano mpya ya Kipese imeshuka kutoka milimani, kavu na nzito, na kiwanda chote kinanuka mkate. Tumempongeza Jemima kwa sauti kubwa. Kuhusu mbuzi, nasi hatukumwona.

Barua yako niliipata mikononi mwa dereva wetu Malachie, ikiwa imefungwa kwa kamba juu ya pipa. Alileta mapipa manne uliyoyarudisha. Mawili hayakuwa matupu. Yalikuwa yamefika nusu tu.

Nimefurahi kwamba watu wa Beni wana kiasi. Lakini naomba uniruhusu swali dogo. Huku Butembo mtu huyohuyo, na pombe hiyohiyo, anafika glasi ya tatu kabla hajaanza kutafuta nyama ya kuchoma. Je, hao wateja wako wanaimaliza ile moja?

Tena nakumbusha, si kwa kukufundisha, bali kwa sababu mimi ndimi nitakayeulizwa. Chupa ya gesi inayosukuma pombe isimame wima, ifungwe ukutani, na chumba kiwe na hewa inayopita. Gesi ile haina rangi, inajaza chumba kuanzia chini kama maji, na anayelala ndani yake hapati onyo. Mipira inayotoka kwenye pipa hadi robine ioshwe kila juma la pili kwa dawa ile ya dumu la bluu, ukiwa umevaa glavu, kisha isuuzwe kwa maji safi mengi. Siku ya kuosha, robine ifungwe kitambaa chekundu, asije mtu akajaza glasi yake dawa.

Hayo tu. Kama kuna jambo lingine, niandikie, au nipigie simu.

Mwanao,
Kavuo Emérence

—

Beni, tarehe 19 Machi 2023

Kwa Kavuo, na kwa ndugu wote wa Butembo wanaosikiliza: salamu, na uvumilivu.

Nianze na simu. Simu ni ya misiba na ya bei ya kakao. Jambo linalostahili kufikiriwa huandikwa. Tena neno la simu halina shahidi, na barua hii ina mashahidi sita mezani, pamoja na wakwe watarajiwa wa Jemima.

Tu wazima. Goti limeendelea na kazi yake.

Sasa, mwanangu, maswali yako niliyasikiliza nikiwa nimesimama, jinsi yalivyonishangaza. Umeuliza kama chumba kina hewa. Nimeng'oa dirisha lote, fremu na vioo, likawa tundu. Chupa ya gesi imefungwa kwa mnyororo ambao hata ng'ombe hangeukata. Umeuliza kama mipira inaoshwa. Haioshwi kila juma la pili. Inaoshwa kila asubuhi, kwa maji safi na kwa zaidi ya maji safi. Zaidi ya hapo sitasema, maana mtu aliyeosha Mabalako nzima haombwi kueleza jinsi anavyoosha mpira wenye unene wa kidole.

Na kama unataka kujua pombe yako inawafanyia nini watu, nitakueleza, nawe utalia kama nilivyokaribia kulia. Mwalimu Éphraïm, unayemjua, yule wa sekondari, huja kila siku. Juzi alipiga funda la kwanza, akafumba macho, akasema kwa sauti ya chini: "Nakumbuka mwaka wa kumi na nane." Sikumsumbua. Mama mmoja muuza vitenge alikunywa, kisha bila kuambiwa akaninyoshea paji la uso, kama mtu anayengoja kupimwa joto. Mwingine, glasi ikiwa mkononi, aliuliza ndoo ya kunawa iko wapi. Naona kwamba pombe yako inawarudishia watu kumbukumbu. Ni kipaji.

Liko jambo moja zito. Mama Solange, mwenye chumba chetu, ndiye pia mwenye ukumbi wa harusi. Ameniambia waziwazi kwamba kwenye harusi ya Jemima ataitazama pombe yetu. Wageni mia nne wakiinywa, ataiweka ukumbini mwaka mzima. Wasipoinywa, anakichukua chumba chake mwezi wa Julai na kukifanya duka la mabati. Nilimwambia asiwe na hofu.

Baba yako mdogo,
Ananie

—

Butembo, tarehe 2 Aprili 2023

Baba Mdogo mpendwa, Mama Mdogo, na wakwe wetu wanaoheshimika,

Poleni na maandalizi. Huku Butembo tulikuwa na Jumapili ya Matawi, na Mama Keren amerudi na tawi kubwa hata limezuia mlango. Anawaombea.

Habari ya Mama Solange imeninyima utulivu. Robine ya Beni ikifungwa, kiwanda kitabaki na soko la mtaa mmoja, na ngano ya Kipese niliyowaahidi wakulima kuinunua itaota ghalani. Sisemi hivyo kumlaumu yeyote. Nasema ili tujue tunasimama wapi.

Mapipa ya mwisho niliyakagua mwenyewe. Kwenye valvu nimeona madoa ya kutu. Chuma kile hakishiki kutu, Baba Mdogo, isipokuwa kimeng'atwa na kitu.

Kwa hiyo naomba majibu mafupi kwa maswali saba. La kwanza, mapipa yanakaa kivulini? La pili, pipa linapumzika siku nzima baada ya safari ya barabarani kabla ya kufunguliwa? La tatu, kipimo cha gesi kinaonyesha namba niliyochora? La nne, glasi zinaoshwa kwa sabuni gani? La tano, mdomo wa robine unagusa pombe ndani ya glasi? La sita, glasi ya kwanza ya siku inamwagwa? La saba, kuna klori mle chumbani?

Na naomba jambo la nane, ambalo si swali. Najua ninamwomba nani. Kama dhamiri yako ingeruhusu, tone moja juu ya ulimi, halafu kulitema, lingetueleza zaidi ya barua kumi.

Nisamehe.

Kavuo

—

Beni, tarehe 14 Mei 2023

Kwa Kavuo: salamu.

Nimechelewa kujibu. Kwanza barabara ilifungwa, kisha ilifunguliwa, lakini lori la Malachie lilikuwa limezama kwenye tope. Baada ya hapo lori lilikuwa zima, nami ndimi niliyekuwa sijawa tayari.

Tamar ni mzima. Jemima amechagua kitambaa cha wasimamizi: rangi ya machungwa. Nimepiga kura ya hapana nikashindwa.

Nayajibu maswali yako kwa utaratibu. Mapipa yapo kivulini. Yanapumzika siku nzima, na sauti kubwa imekatazwa karibu nayo. Kipimo ni namba yako. Sabuni ni ile isiyo na manukato. Robine haigusi pombe. Glasi ya kwanza inamwagwa, na wateja wanaitazama inavyokwenda kwa macho ambayo sikuyaelewa, kama watu wanaotazama mwenzao aliyeachiliwa huru.

Kuhusu swali la saba, karatasi ililoa mvua njiani, na sehemu hiyo haisomeki.

Kuhusu jambo la nane, nilibatizwa katika maji ya Semuliki mbele ya mashahidi, nikatamka nadhiri kwa sauti iliyosikika ng'ambo. Tone ni pombe. Tuishie hapo.

Hata hivyo, sikukaa mikono mitupu. Niliitisha kikao cha wateja. Walikuja wote. Nikasimama nikawaambia: "Ndugu zangu, nani ana neno juu ya pombe hii? Asiogope." Kisha mwalimu Éphraïm akasimama, akasema kwamba yeye hajui pombe, bali anajua watu, na kwamba mtu anayewapokea hapa ni mtu. Wakapiga makofi. Mama wa vitenge akatoa shukrani kwa niaba ya kina mama. Halafu kila mmoja akanunua glasi yake moja, akainywa mpaka mwisho, akaenda zake. Ukitaka ushahidi mwingine, sijui utoke wapi.

Baba yako mdogo,
Ananie Lusenge

(Kwa mwandiko mwingine, mdogo, ukingoni:) Mwanangu, ni klori. Nusu kikombe kila asubuhi, ndani ya mipira, na haisuuzi sana ili "iendelee kulinda". Dumu la bluu hajalifungua. Anasema dawa isiyonuka hajawahi kuiamini. Sijaandika mimi. T.

—

Butembo, tarehe 28 Mei 2023

Baba Mdogo mpendwa,

Barua hii ina kurasa mbili. Ya kwanza, yenye salamu, isomwe mezani. Tu wazima, Mama Keren ameshona gauni la machungwa bila kuulizwa, mapipa ishirini ya harusi yatatoka huku Jumatano tarehe 21 Juni, na kutoka Kamango shangazi ameahidi mchele. Ukurasa wa pili naomba uusome peke yako.

Ukurasa wa pili.

Baba Mdogo, nataka kukueleza jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Mwaka wangu wa kwanza nilipika lita mia mbili kwa maji niliyoyatia klori mwenyewe, maana niliogopa kumuua mtu. Nilijiona mwangalifu kuliko wapishi wote wa Kivu. Pombe ilipoiva ilikuwa na ladha ya bendeji. Nilidhani ni chachu. Nikabadilisha chachu, nikapika tena vilevile, nikamwaga tena. Mara tatu.

Kisha nikaelewa. Chachu yetu na ngano yetu huzaa harufu nyepesi ya karafuu, ndiyo inayopendwa. Klori ikiigusa harufu hiyo, hata kidogo kiasi cha kijiko ndani ya pipa, inaigeuza kuwa harufu ya dispansari. Haimwui mtu. Inamwondolea tu hamu. Na ikilala ndani ya chuma inakitoboa.

Wewe ulipigana na adui aliyekuwa kwenye mpini wa mlango na kwenye shuka. Klori ilikuwa silaha halisi dhidi yake, na watu wengi wanaopita barabarani hapo Beni wanapita kwa sababu hukuipunguza. Lakini kwenye mpira wa pombe adui ni mwingine: ni utelezi, ni ukungu, ni mabaki ya jana yaliyoganda. Huyo anaondolewa na dumu la bluu, kwa glavu, gesi ikiwa imefungwa, halafu maji safi, maji, na maji tena. Nakutumia vipande vya karatasi. Chovya kimoja kwenye maji yanayotoka robineni. Kikibaki cheupe, umemaliza. Kikigeuka rangi, suuza.

Sikuulizi chochote. Swali la saba nimelifuta. Na robine ni yako, harusi iende itakavyokwenda. Niliombwa mara mbili nimweke mtu mwingine, nikakataa, na sababu niliyotoa ndiyo ileile niliyoisema mbele ya ukoo.

Mwanao,
Kavuo

—

Beni, tarehe 2 Julai 2023

Kwa mwanangu Kavuo, kwa shemeji yangu Keren, na kwa wote wanaosikiliza. Nami naomba, safari hii, asitoke mtu.

Kurasa zako zote mbili nilizisoma mezani, mimi mwenyewe, kwa sauti. Makosa niliyoyafanya mbele za watu siwezi kuyatubu chumbani. Tamar alikuwa na kikohozi kisichoisha tangu mwanzo hadi mwisho, na ninadhani nyote mnajua sababu.

Kwa hiyo nianze na swali la saba, kwa maana karatasi sasa imekauka. Jibu ni ndiyo.

Alhamisi kabla ya harusi nilifungua dumu la bluu. Nilivaa glavu, nikafunga kitambaa chekundu. Nilisuuza mpaka mama wa vitenge akauliza kama kuna bomba lililopasuka. Karatasi yako ilibaki nyeupe mara nne. Lakini, mwanangu, nilisimama pale nikaona kwamba karatasi inanitosha mimi na haiwatoshi wageni mia nne. Kwa miaka miwili ya Ebola sikumtuma mtu wangu kwenye nyumba ambayo sikuwa nimeingia mimi wa kwanza. Sasa nilikuwa nataka kuwatuma wakwe.

Robine zilikuwa mbili, na moja nilikuwa bado sijaiosha. Nikafunga mlango, nikasahau kwamba dirisha nililing'oa, hivyo barabara nzima iliniona. Nikajaza kofia ya chupa kutoka robine ile isiyooshwa, nikanywa.

Ilikuwa Mabalako yote. Niliona buti zangu. Niliona miwani iliyojaa jasho na mlango wa nyumba ya mwalimu Éphraïm. Nikaketi juu ya pipa. Kisha nikakumbuka macho yaliyofumbwa, na paji la uso lililonyoshwa, na ile glasi ya kwanza ya siku iliyoachiliwa huru. Mtu anaweza kuwa shemasi miaka thelathini asijue uso wa mtu anayevumilia.

Nikaonja ya pili, iliyooshwa. Hiyo siwezi kuieleza, maana sina cha kuilinganisha nacho. Nilimeza zote mbili. Nimekwisha kujiripoti kwa wazee wa kanisa. Wamenisimamisha meza ya Bwana kwa miezi mitatu, na nimekubali. Mmoja wao aliuliza, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, ile ya pili ilikuwa na ladha gani.

Siku ya harusi nilimpa mwalimu Éphraïm glasi ya kwanza kwa mkono wangu. Akapiga funda. Akaitazama. Akapiga la pili, kisha akaniuliza kwa upole kama ile ya zamani imekwisha.

Nikamtoa nje. Nikamwambia: "Mwalimu, tangu Januari ulikuwa unakunywa nini?"

"Klori, Baba Ananie. Sisi wote tulijua siku ya kwanza."

"Na mulinyamaza?"

Akazungusha glasi mkononi. "Siku mama alikufa, ndugu zangu wenyewe waliogopa kupita mbele ya nyumba. Weye uliingia. Ukapuliza kitanda, ukapuliza meza na biti, ukatoka inje ukaniita jina langu. Sasa glasi moja kwa siku, ni kitu gani? Tulipatana: kila mutu moja, amalize, asikuvunje roho. Yule mama wa bitenge alikuwa anajaribu kukuambia na paji la uso. Tulimugombeza."

Nikamshika mkono, nikasema asante, tukarudi ndani.

Yaliyobaki utayasikia kwa Malachie, ambaye alicheza hadi akapoteza kiatu. Mapipa ishirini yaliisha kabla ya keki. Mama Solange aliacha kutazama, akashika jagi akamimina mwenyewe, na Jumatatu alikuja kuniambia kwamba mabati yatangoja. Anataka mapipa kila juma, mwaka mzima. Wale mbuzi wa mahari, hata yule mwenye mguu, walisahaulika kabisa, na wakwe waliimba wimbo wetu kwa sauti yao.

Ila lazima nikuripoti na hasara, maana ripoti isiyo na hasara si ya mtu wa afya. Kiasi kimekwisha Beni. Wateja walewale thelathini sasa wanafika saa kumi na hawaondoki. Wanaomba ya pili, wanaomba ya tatu, wanabishana juu ya mpira wa miguu, na jana mama wa vitenge aliimba. Saa kumi na mbili ninawasukuma nje kwa upole, mmoja mmoja, kama nilivyowaingiza ndani wakati wa Ebola.

Nilimuuliza mwalimu Éphraïm kama sasa wanakuja kwa ajili ya pombe tu, na kama mimi nimebaki kuwa mtu wa kufungua robine. Alifikiri kidogo, kwa sababu ni mwalimu.

"Glasi ya kwanza ingali yako," akasema. "Hizi zingine ni za Kavuo."

Baba yako mdogo,
Ananie Lusenge